Shajara ya mradi wa maji kiwandani: mita, mabomba na maji yanayotoka ndani ya maziwa

Februari, mwanzoni

Mradi umeanza rasmi. Agizo kutoka juu ni fupi: kiwanda kipunguze maji kinayotumia. Na kwa kuwa muuzaji mmoja alishapita na picha za mtambo wa kusafisha maji taka kwa utando (ngozi nyembamba inayochuja), wakubwa wanaamini mradi wenyewe ni kuununua huo mtambo na kuufunga mwisho wa mfereji. Nimeomba muda wa kupima kwanza. Mtambo siukatai. Ninachokataa ni kulipa fedha nyingi kutenganisha kitu ambacho tumekichanganya wenyewe: maji ya kusuuzia ambayo ni karibu masafi, kostiki (magadi makali ya kuoshea mabomba), mafuta ya maziwa, maji ya moto ya boila na maji ya sakafu, yote yanaingia tundu moja na kutoka yakiwa maji taka.

Kwa atakayesoma baadaye: kiwanda hiki kinapokea maziwa na kuyapasteuri, yaani kuyapasha moto kuua vijidudu, kisha sehemu yanafungwa kama maziwa ya kunywa na sehemu yanavukizwa na kukaushwa kuwa unga. Hakina la pekee. Kiwanda chochote cha chakula chenye boila, mnara wa kupozea na mabomba ya kuoshwa kila siku kina matatizo haya haya.

Hali tuliyoikuta ni mita moja kubwa langoni. Kila mwisho wa mwezi mhasibu anajua tumetumia kiasi gani, na hakuna anayejua yamekwenda wapi.

Februari: mita ndogo

Kabla ya kugusa valvu yoyote tumegawa matumizi katika mafungu: boila, mnara wa kupozea, kituo cha kuoshea mabomba, mashine ya kreti, laini ya unga, na mabomba ya sakafuni. Kila fungu limepata mita yake. Kuchagua mahali pa kuzifunga kumechukua muda mrefu kuliko kuzifunga, maana michoro ya mabomba iliyoko ofisini ni ya kiwanda kilivyokuwa kabla laini ya unga haijajengwa. Anayejua ukweli ni fundi wetu wa mabomba. Nilimwonyesha kwenye karatasi bomba la inchi mbili linalopita nyuma ya chumba baridi, akacheka: "Injinia, hilo tulishalikata. Linalopeleka maji huko siku hizi limepita juu, darini." Basi tumechora upya, yeye akitangulia na mimi nikiandika. Huo mchoro mpya hakuna aliyeuomba, lakini kila hatua iliyofuata imeutegemea.

Kisha tukasoma mita usiku. Alfajiri ya Jumapili uzalishaji umesimama, uoshaji umekwisha, kila mita inapaswa kutulia. Ya boila ilikuwa inazunguka wakati boila lenyewe limezimwa. Tukafuata bomba hadi tangi la maji ya kulishia boila. Boya la valvu limetoboka na kujaa maji, haliinuki tena, kwa hiyo maji yanaingia bila kukoma na kutoka kwa bomba la kufurikia. Bomba hilo lilikuwa limeelekezwa moja kwa moja ndani ya mfereji uliofunikwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuyaona wala kuyasikia. Tumebadilisha boya na kulikata bomba la kufurikia ili limwage hadharani, pale watu wanapopita. Likifurika tena, wa kwanza kulalamika viatu vimelowa ndiye atakayetuletea taarifa.

Wapo wanaosema uvujaji mdogo hauna neno. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa mwaka inavuka mita za ujazo 520.

Kipimo tutakachofuata ni lita za maji kwa kila lita ya maziwa iliyopokelewa. Kina hila yake. Siku ya maziwa machache kinapanda hata kama hakuna aliyezembea, kwa sababu bomba linaoshwa vilevile liwe limepitisha maziwa ya saa mbili au ya saa kumi. Kwa hiyo naandika jumla ya maji na uwiano pamoja, na mtu akileta moja tu kikaoni namuuliza nyingine iko wapi.

Machi: sakafu

Hapa watu wanafagia kwa mpira wa maji. Tulipima kwa ndoo na saa: mpira usio na nozeli unajaza ndoo ya lita 20 kabla dakika haijatimia. Mtu anayelisukuma donge la maziwa yaliyoganda kutoka chini ya mashine hadi kwenye tundu la mfereji, upande wa pili wa chumba, anamwaga ndoo kadhaa kufanya kazi ambayo mpapuro wa mpira ungeifanya ukiwa mkavu.

Na si maji tu. Kila kinachosukumwa mferejini kinabadilisha tabia ya maji taka. Oksijeni ambayo vijidudu huhitaji kuyavunja maziwa halisi huzidi miligramu 100,000 kwa lita, mara mia kadhaa kuliko maji taka ya nyumbani. Lita ya maziwa iliyomwagika ikipapurwa na kuwekwa kwenye chombo, mtambo wa maji taka hautaiona. Ikifuatwa na mpira, inakuwa kazi ya watu wengine huko chini.

Tumefunga nozeli zinazojifunga mtu akiachia kidole, tumeweka vikapu vya kuchujia kwenye matundu, na utaratibu sasa ni kuokota, kupapura, ndipo kumwagia. Msimamizi wa zamu ya usafi aliniuliza swali la haki: "Sasa mnataka tuondoke hapa saa ngapi?" Kwa macho, mpira ni wa haraka zaidi. Tukakaa naye tukapanga upya: upapuraji unaanza wakati laini bado inajichuja, badala ya kusubiri mashine zote zisimame. Wazo hilo lilikuwa lake, na ndilo lililofanya wengine wakubali.

Nozeli chache ziling'olewa ndani ya wiki ile ile. Kabla ya kumlaumu mtu tulipima presha: kwenye upande ule wa jengo ilikuwa ndogo mno, nozeli inatoa mchirizi dhaifu usioondoa chochote. Mimi pia ningeing'oa. Tumeongeza pampu ndogo, na zile zilizorudishwa hazijaguswa tena.

Chumba cha unga ni hadithi nyingine. Huko tumeondoa mabomba ya sakafuni kabisa, na hapo akiba ya maji na usalama wa chakula vinavuta upande mmoja. Unga mkavu haumwezeshi bakteria Salmonella kuzaliana, lakini unaweza kumhifadhi hai kwa muda mrefu. Mpe maji kidogo kwenye ufa wa sakafu na ataanza kuongezeka. Chumba cha unga kinatakiwa kusafishwa kwa utupu wa kunyonya vumbi na kwa brashi, na mahali pachache panapolazimu maji panakaushwa mara moja. Kila bomba tulilolifunga huko lilikuwa kishawishi cha kuosha pasipopaswa kuoshwa.

Aprili: kituo cha CIP

Mita zimethibitisha tulichokisia: kituo cha CIP kinatumia kuliko mafungu mengine yote. CIP ni kuosha mabomba, matangi na pasteraiza kwa ndani bila kufungua kitu. Inaanza suuza ya kwanza ya kuondoa maziwa. Inafuata kostiki ya asilimia 1 hadi 2 kwenye nyuzi 70 hadi 80, suuza ya kati, asidi ya nitriki ya kuondoa ukoko wa madini, suuza ya mwisho, na dawa ya kuua vijidudu. Kila suuza imepangwa kwa dakika. Dakika hizo ziliwekwa na waliofunga mtambo, wakajiachia nafasi, na tangu hapo kila aliyepata lalamiko la ubora ameongeza zake. Hakuna aliyewahi kupunguza.

Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 linabeba karibu lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mzunguko wa mita 100 unajazwa na lita kama 200. Maji yakienda kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, zinapita lita 177 kila dakika. Dakika 3 za ziada ni lita 530, na hiyo ni suuza moja ya mzunguko mmoja. Ukiwaonyesha watu hesabu hii ubaoni, wananyamaza kidogo, halafu wanaanza kutaja mizunguko yao.

Pendekezo la kwanza lililotolewa lilikuwa kupunguza kasi ya pampu. Tumelikataa. Hiyo mita 1.5 kwa sekunde si anasa. Chini ya hapo maji hayana msukosuko wa kutosha kubandua uchafu ukutani mwa bomba, na utakachookoa leo utakirudisha kesho kwa kuosha mara mbili, au kwa bidhaa iliyokataliwa. Ukitaka kupunguza, punguza muda, kasi iache ilivyo.

Muda nao unapunguzwa kwa kuona, si kwa kukisia. Kwenye bomba la marejeo kuna kioo cha kuchungulia, na nilisimama pale na mwendeshaji wa zamu tukitazama suuza ya kwanza. Maji yalikuja meupe pe, yakawa na ukungu wa kibuluu, yakawa angavu, na saa ya mtambo bado ilikuwa inahesabu. Mwendeshaji akaniambia anayaona hayo kila siku, ila hana ruhusa ya kugusa programu.

Kwa suuza ya kwanza tumefunga kipima ukungu. Kwa zile zinazofuata kostiki na asidi macho hayasaidii, kwa sababu maji yenye kostiki yanaweza kuwa angavu kama ya kunywa. Hapo tumetumia kipimo cha upitishaji umeme. Kostiki na asidi hupitisha umeme kwa wingi, maji masafi hupitisha kidogo. Suuza sasa inakoma pale maji yanayorudi yanaposoma karibu sawa na yanayoingia, kisha inaongezewa sekunde chache. Jambo moja linasahaulika: kipimo kiko kwenye marejeo, na kwenye mzunguko wa mita 100 habari inachukua zaidi ya dakika moja kufika. Programu inajua hilo sasa. Inafunga valvu ya maji mapema na kuacha yaliyomo bombani yamalizie kazi.

Halafu kuna kuyatumia tena. Suuza ya mwisho inatoka ikiwa safi kuliko suuza ya kwanza inavyohitaji kuwa inapoingia. Tumeweka tangi la kuyapokea maji hayo, na mzunguko unaofuata unaanza nayo. Ni mbinu ya zamani na haihitaji teknolojia yoyote mpya, inahitaji tangi, pampu na nidhamu. Nidhamu ndiyo ngumu. Kwanza, hatuanzi kukusanya hadi asidi imekwisha, kwa sababu maji yenye asidi yakikutana na mabaki ya maziwa bombani protini inaganda. Kesini, protini kuu ya maziwa, huganda pH (kipimo cha uchachu) ikikaribia 4.6, na kuling'oa ganda hilo kunakula maji kuliko tuliyookoa. Pili, tangi halilali na maji. Maji ya uvuguvugu yenye chembe za maziwa, yakiachwa hadi asubuhi, yatakuwa na bakteria tele. Linamwagwa na kuoshwa kila siku, na kwenye programu valvu yake ya kutolea maji haiwezi kabisa kufunguka wakati wa suuza ya mwisho. Kuandika maagizo ukutani kusingetosha.

Na kabla ya suuza ya kwanza kuanza, laini inaachwa ijichuje, halafu mabaki yanasukumwa kwa hewa. Maziwa yaliyokuwa yanageuka maji meupe yanarudi kwenye tangi kama maziwa. Meneja wa uzalishaji, ambaye mpaka hapo alikuwa anausikiliza mradi huu kwa adabu tu, ameanza kuja vikaoni mapema.

Mei: boila na mnara

Boila halina maneno mengi. Mvuke ukishatoa joto lake unageuka maji ya moto, kondenseti, na hayo ndiyo maji bora zaidi kiwandani baada ya ya kunywa: hayana chokaa, na joto yanalotunza tumeshalilipia. Yakirudi yakiwa na nyuzi 90 badala ya kulisha boila kwa maji ya nyuzi 20, kila mita ya ujazo inaokoa karibu kilowati-saa 81 za joto. Mitego kadhaa ya mvuke (valvu zinazotoa kondenseti na kuzuia mvuke) ilikuwa inamwaga nje kwa sababu mabomba ya kurudishia yalioza na hakuna aliyeyarudisha. Yamerudishwa. Woga wa mtu wa boila ni kwamba kibadilisha joto kikipasuka, maziwa yataingia kwenye boila, na woga wake ni wa haki. Kila bomba la marejeo limefungiwa kipimo cha upitishaji umeme na valvu ya kumwaga: kikisoma juu, kondenseti inakwenda mferejini bila kumsubiri mtu.

Mnara wa kupozea unadanganya watu. Maji yanayovukizwa hayaokoleki, hiyo ndiyo kazi ya mnara. Yanayookoleka ni yale yanayomwagwa kwa makusudi ili chumvi isilimbikizane. Chumvi ikiruhusiwa kufika mara 3 ya ile ya maji yanayoingia, unamwaga nusu ya kiasi kinachovukizwa. Ikiruhusiwa kufika mara 6, unamwaga moja ya tano tu. Jumla ya maji ya kujazia inapungua kwa asilimia 20 bila kununua kitu zaidi ya udhibiti mzuri wa dawa. Kutoka mara 6 hadi mara 10 faida inakuwa ndogo na hatari ya ukoko inapanda, kwa hiyo tumesimama kwenye mara 6.

Watu waliuliza kwa nini tusijazie mnara kwa maji ya suuza. Hapana. Mnara unarusha matone hewani, una maji ya uvuguvugu, na ukiyapa maji hayo chakula cha bakteria unaandaa makao ya Legionella, bakteria wa ugonjwa mkali wa mapafu. Ugonjwa huo uligunduliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 huko Philadelphia, miongoni mwa waliohudhuria mkutano hotelini, na tangu wakati huo minara ya kupozea imekuwa miongoni mwa vyanzo vinavyochunguzwa kwanza kila ugonjwa huo unapozuka.

Mei, mwishoni: maji taka yamekuwa makali

Mwendeshaji wa mtambo wa maji taka amekuja ofisini na karatasi ya maabara. Uchafu kwa lita umepanda, na anataka kujua tunamwaga nini.

Hatumwagi kipya. Hesabu ni hii: mita za ujazo 1,000 zenye miligramu 2,000 kwa lita zinabeba kilo 2,000 za uchafu. Punguza maji hadi mita za ujazo 700 bila kugusa uchafu, na ile ile kilo 2,000 inasomeka miligramu 2,857 kwa lita. Mtambo wenyewe hauna mzigo mkubwa zaidi, lakini kibali cha kumwaga maji kinaandikwa kwa miligramu kwa lita, na mkaguzi akija haulizi umetumia mita ngapi. Jambo hili lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila mpango wa kuokoa maji, na mara nyingi halimo kabisa. Dawa yake ni kupunguza uchafu sambamba na maji, na ndiyo sababu kazi ya Machi na ile ya kusukuma maziwa kwa hewa zina uzito kuliko zinavyoonekana kwenye mita. Kostiki nayo inahesabika: sodiamu haiondolewi na bakteria wa mtambo wa maji taka, inapita tu. Kostiki iliyotumika sasa inarudishwa kwenye tangi lake, inaongezewa nguvu na kutumika tena hadi ichafuke.

Juni: maji yaliyomo ndani ya maziwa

Hapa ndipo mradi ulipobadilika.

Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87. Tunapotengeneza unga tunayaondoa, na tulikuwa tunayamwaga. Tani moja ya maziwa yaliyotolewa mafuta ina kilo 90 hivi za vitu vikavu. Yakivukizwa hadi vitu vikavu vifike asilimia 48, kinachobaki ni kilo zisizofika 190. Zaidi ya kilo 800 zinatoka kama mvuke, zinageuka maji (nayo ni kondenseti, ila ya kivukizo, si ya boila), na zinapita kwenye bomba letu kwenda mferejini zikiwa za moto. Kiwanda cha unga kinaweza kupokea maji mengi ndani ya maziwa kuliko kinayohitaji kuoshea laini hiyo hiyo.

Nilichukua kikombe cha maji hayo kwenye tundu la sampuli. Ni angavu, yana harufu hafifu ya maziwa yaliyochemka. Maabara wanasema karibu hayana madini, lakini yana kiasi kidogo cha vitu vya asili ya maziwa vinavyoruka pamoja na mvuke. Hayo mawili yanaamua kila kitu kinachofuata.

Kukosa madini kunamaanisha yanakula chuma cha kawaida, kwa hiyo mabomba yake ni ya chuma cha pua tu. Yale mabomba ya zamani ya chuma tuliyotaka kuyatumia ili kupunguza gharama yameachwa yalivyo. Uchache wa chakula cha bakteria nao si sawa na kutokuwepo. Maji ya uvuguvugu yakikaa yatazaa, kwa hiyo ama yatumike yakiwa bado ya moto, ama yapozwe haraka na kutiwa dawa. Tumechagua ya kwanza kila inapowezekana, kwa sababu suuza ya kwanza ya CIP inapenda maji ya vuguvugu na joto lake linapatikana bure. Yanayobaki yanapitishwa kwenye kibadilisha joto kuyapasha maziwa yanayoingia kabla hayajapozwa.

Lipo pia tatizo la povu. Kivukizo kikichemka vibaya, povu la maziwa linavutwa na mvuke na kondenseti inakuwa nyeupe kwa muda. Kipima ukungu na kipimo cha upitishaji umeme vimefungwa pamoja pale mwanzo wa bomba, na kimojawapo kikilalamika valvu inageuza maji kwenda mferejini. Tumeijaribu kwa kuchezea mipangilio ya kivukizo kwa makusudi, na ikageuka kabla jicho halijaona weupe kwenye kioo.

Juni: idara ya ubora

Mkuu wa ubora hakusema hapana. Alisema: niandikieni kila maji yanakwenda wapi, yatagusa nini, na nani anajua yakiharibika. Hiyo ndiyo lugha ya Codex Alimentarius, kanuni za kimataifa za chakula. Mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu kutumia na kutumia tena maji katika uzalishaji wa chakula, CXG 100, hausemi kwamba kila tone kiwandani liwe la kunywa. Unataka maji yafae kwa kazi yanayopewa, na kwamba kufaa huko kupimwe kwa kuangalia hatari, si kwa mazoea. Maji ya mnara hayahitaji sifa za maji yanayogusa pasteraiza baada ya kuua vijidudu.

Tumechora jedwali naye: chanzo, matumizi, je yatagusa chakula au kitu kinachogusa chakula, kuna hatua ya kuua vijidudu baada yake au hakuna, kipimo gani kinalinda, na nini kinatokea kipimo kikikataa. Matumizi matatu yamepita mara moja: suuza ya kwanza ya CIP, mashine ya kreti katika hatua ya mwanzo, na kuosha magari nje. Suuza ya mwisho imekataliwa hadi kondenseti ipitishwe kwenye utando wa osmosisi kinyume (unaozuia chumvi) na taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu, na maabara waonyeshe kwa mfululizo kwamba E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi, haipatikani katika mililita 100, kama miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya maji ya kunywa inavyotaka. Yote yameingizwa kwenye mpango wetu wa HACCP (wa kutambua na kudhibiti hatari za chakula), si kwenye faili la mazingira. Nililisisitiza hilo, kwa sababu faili la mazingira hufunguliwa siku ya ukaguzi na HACCP hufunguliwa kila zamu.

Mabomba ya maji ya marudio yamepakwa rangi yake, na viungio vyake havilingani na vya maji ya kunywa, hata mtu akitaka kuviunganisha kwa haraka usiku. Mahali yanapokutana na maji ya kunywa, kwa mfano kujazia tangi, kuna nafasi ya hewa isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba. Valvu ya kuzuia kurudi nyuma inaweza kukwama, hewa haikwami. Vipande vya mabomba visivyo na mkondo, vilivyobaki baada ya kukata huku na kule, tumevikata hadi kwenye kiungio. Maji yaliyotuama humo yalikuwa yakichafua sampuli zetu hata za maji safi.

Kuna wafanyakazi waliokuwa na kinyaa, na nisingependa kukidharau. Mmoja aliuliza kama sasa tutakunywa maji ya mferejini. Nikamweleza kwamba Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukirudisha maji taka yaliyosafishwa kwenye mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968, na kwamba sisi hatufanyi hata hilo. Tunatumia maji yaliyotoka kwenye maziwa anayokunywa asubuhi. Akasema la maziwa limemwingia, la Windhoek bado.

Julai: mtambo wa utando, sasa

Picha za muuzaji zimerudi mezani, na safari hii tuna namba za kuweka pembeni yake. Baada ya kutenganisha maji, kinachofika mwisho wa mfereji ni kichache na kichafu: kostiki, mafuta, protini, chumvi. Utando hauyapendi hayo, mafuta na protini vinauziba. Ungehitaji kutanguliwa na kuelea kwa mafuta, bakteria, na chujio laini, na bado sehemu ya maji ingebaki kama brini (maji ya chumvi nyingi) ya kutafutiwa pa kwenda. Mtambo huo huo ukiwekwa kwenye kondenseti, yenye uchafu mdogo na chumvi kidogo, unakuwa mdogo, unadumu zaidi, na brini yake ni laini kuliko maji taka tuliyokuwa tunamwaga mwaka jana.

Kwa hiyo pendekezo limekwenda juu likiwa na mtambo, ila umehama: kutoka mwisho wa mfereji hadi mkiani mwa kivukizo, na ukubwa wake umepungua. Muuzaji hakufurahi sana.

Bado kuna mambo yananisumbua. Maji ya kupozea pistoni za mashine ya kusaga mafuta ya maziwa yanapita mara moja na kumwagwa. Ni safi, lakini mkondo wake ni mdogo na uko mbali na kila kitu, na bomba la kuyaleta litagharimu kuliko yenyewe. Nimeyaacha kwenye orodha bila kuyafuta. Mashine ya kreti inahitaji kupangwa ili maji ya hatua ya mwisho yarudi nyuma hatua kwa hatua. Sehemu zake zimeagizwa. Wiki ijayo tunafungua kibadilisha joto cha pili cha pasteraiza kukagua gasketi, kwa sababu kondenseti yake inasoma juu kidogo kuliko za wenzake, na mtu wa boila amekataa kuipokea hadi tujue kwa nini.